Kutoka Geneva hadi kikao cha ukoo

Mume akifa, mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe, kama alivyowatunza wao. Ndivyo zinavyoagiza kanuni za urithi wa kimila za Tanzania Bara, zilizochapishwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Binti naye amewekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka yake mkubwa na kaka zake wengine, na fungu lake ndilo dogo kuliko yote.

Kanuni hizo zilifikishwa hadi Geneva. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, wanaotajwa kwenye kumbukumbu kwa herufi tu, E.S. na S.C., walitolewa na wakwe zao katika nyumba walizoishi na waume zao, wakiwa na watoto wadogo. Walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta: zikifutwa hizi, mila za makabila yetu zaidi ya 120 nazo zitafuata, na kubadili mila ni kazi ya halmashauri za wilaya. Rufaa ikachukua miaka minne, kisha ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro katika hati ya amri, kosa ambalo halikuwa la wajane. Ndipo wakalalamika kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, huko Geneva. Machi 2015 Kamati ikasema Tanzania imekiuka mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, iliouridhia mwaka 1985, iwalipe wajane fidia na irekebishe sheria zake.

Wanaoitilia shaka njia hii wana hoja za kusikilizwa. Uamuzi wa Kamati huitwa maoni. Hauna dalali wa mahakama wa kuutekeleza, na miaka ilipita kanuni zikiwa palepale. Tena nyuma ya woga wa Mahakama Kuu kuna swali zito: ukizifuta leo, mirathi ya kesho kijijini itagawanywa kwa sheria ipi?

Swali hilo lina majibu humu humu nchini. Mjane wa Kiislamu, mumewe akiacha watoto, ana thumuni yake. Asipoacha, ana robo. Sheria ya Urithi ya India ya 1865, tuliyoachiwa na mkoloni, humpa mjane mwenye watoto theluthi. Yaani sheria ya mkoloni ina mkono mpana kwa mjane kuliko kanuni tulizozichapisha wenyewe miaka miwili baada ya uhuru. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Hoja kwamba haki hizi ni za kigeni mimi siikubali. Kifungu cha 21 cha Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2003 na kuridhiwa na Tanzania 2007, kinampa mjane haki ya kurithi kutoka kwa mumewe. Na mila inayotetewa ni ipi? Mila iliyo hai huzungumzwa: wazee hukaa, wakaangalia mjane ana watoto wangapi na shamba lililimwa na nani. Ikishapigwa chapa kwenye tangazo la serikali, haimsikilizi tena mtu.

Kesi inayonifundisha zaidi ni ya miaka 25 kabla ya uamuzi wa Geneva. Agosti 1988, mama wa Kihaya wilayani Muleba aliuza kwa shilingi 300,000 shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Ndugu wa ukoo akashtaki: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikabatilisha mauzo. Kesi ilipofika Mahakama Kuu ya Mwanza, Februari 1990, Jaji Mwalusanya alishika Katiba, akaweka kando yake Tamko la Haki za Binadamu la 1948 na ule mkataba wa kupinga ubaguzi, akaamua kwamba mwanamke anauza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Ukoo unalitaka shamba? Urudishe 300,000 ndani ya miezi sita. Desturi ya kukomboa ardhi aliiacha hai. Alichokiondoa ni ubaguzi uliokuwa ndani yake. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi.

Mkataba ni ule ule. Kwa jaji wa nyumbani ulizaa amri yenye bei na muda. Kutoka Geneva ulirudi kama barua. Hata hivyo siwezi kusema wale wajane walikosea kwenda. Bila Geneva, neno la mwisho juu ya maisha yao lingekuwa kasoro ya karatasi. Ila mlango wa nje hufungika. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa Arusha.

Ndiyo maana naona nguvu nyingi zielekezwe chini. Mirathi ya kimila huanzia kwenye kikao cha ukoo, mara nyingi matanga yakishaanuliwa. Mtu mmoja anaandika muhtasari kwenye karatasi ya daftari: waliohudhuria, sahihi zao, na msimamizi wa mirathi, ambaye kwa kanuni za 1963 ni kaka mkubwa wa marehemu au baba yake. Mjane huenda yuko jikoni, anawapikia wanakikao. Karatasi hiyo inapelekwa mahakama ya mwanzo pamoja na fomu ya maombi. Kifungu cha 21 cha Itifaki ya Maputo kinatakiwa kifike hapo, kinywani mwa msaidizi wa kisheria wa kata na mezani kwa hakimu, ili kabla ya kugonga muhuri aulize sahihi ya mjane iko wapi.