Skana ya meno Kigoma: jino moja sawa, taya zima bado

Siku hizi ukitaja meno ya kupandikiza, swali la kwanza ni "Wana skana?" (kamera ndogo inayopima mdomo kwa picha, badala ya chapa inayochukuliwa kwa trei yenye ute unaoganda), kana kwamba kliniki isiyo nayo inabahatisha. Mimi sikubaliani.

Jino la asili limeshikwa mfupani na nyuzi laini zinazoliruhusu kucheza kidogo. Kipandikizi cha titani, yaani nguzo inayopandwa mfupani kushika jino bandia, hakina nyuzi hizo. Mfupa umekibana moja kwa moja. Daraja la meno (meno bandia yaliyounganishwa, yanayofungwa kwa skrubu juu ya vipandikizi) likipishana nacho hata kwa upana wa unywele, hakuna cha kujirekebisha. Skrubu ndiyo italegea au kukatika.

Kwa jino moja, au mawili yaliyo jirani, skana inatosha, tena mgonjwa anaepushwa na kichefuchefu cha trei. Na sisi wa Kigoma tuna faida ya ziada: faili likitumwa maabara ya Dar linafika kama lilivyotoka. Chapa inasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Chapa ya silikoni inavumilia. Ya alginati inakauka na kusinyaa, haifai kabisa kwa kazi hii. Na umbo la plasta linalomiminwa kutoka kwenye chapa likigongwa kwenye mizigo, limekwisha.

Sasa mchukue bibi wa Ujiji asiye na jino hata moja, mwenye vipandikizi sita. Hapo ndipo matangazo yananichosha. Skana haioni taya zima kwa mara moja. Hupiga picha ndogondogo na kuziunga, na ili iziunge inahitaji alama. Ufizi mtupu una alama gani? Ni laini, unang'aa kwa mate, huku kama kule. Kosa dogo la mwanzo linabebwa, na likifika upande wa pili wa taya limeshakua. (Zipo kamera za fotogrametria zinazopima vipandikizi vyote bila kutegemea ufizi. Mwenye nayo sina ugomvi naye.)

Asiye nayo atumie trei iliyotobolewa juu. Vishikio (vipande vinavyobaki ndani ya chapa kuonyesha vipandikizi vilipo) vifungwe kwenye vipandikizi na kuunganishwa kwa resini, plastiki inayoganda. Resini ikatwe kisha iungwe upya, maana husinyaa inapoganda. Ndipo trei ijazwe silikoni au polietha, ute mwingine wa chapa. Mdomo unachoka, najua. Ila vishikio vinatoka vikiwa vimekaa kama vilivyokuwa mdomoni.

Halafu fremu ya daraja ijaribiwe kabla ya kuwekewa meno: kaza skrubu moja tu ya ncha moja ya fremu, uangalie upande wa pili. Ukinyanyuka, kipimo kirudiwe, hata kama picha ya kwenye kompyuta ilipendeza namna gani.