Kipindi cha michezo cha asubuhi: wakizikata simu za wasikilizaji kinabaki nini?

Wiki hizi maneno ni mengi kuhusu kile kipindi cha michezo cha asubuhi cha redio moja ya hapa Mwanza. Hoja yenyewe ni kwamba simu za wasikilizaji zitolewe au zipunguzwe, watu wanapiga kelele tu na kurushiana vijembe vya Simba na Yanga, muda ule wapewe wachambuzi waongee mpira kwa takwimu. Nimeisikia kwenye daladala ya Buhongwa, nimeisikia kwa kinyozi, na juzi mtangazaji mwenyewe akasoma meseji ya msikilizaji mmoja inayosema hivyohivyo, akamalizia "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Hapo ndo nikaona niandike, maana wakilifanyia kazi kweli watakuwa wametupa kitu kizuri kuliko vyote walivyonavyo.

Wanaolalamika wana hoja, siwabishii. Kuna wapiga simu kama wanne watano hivi ambao ni walewale kila siku, ukisikia sauti unajua leo atasema nini kabla hajafungua mdomo. Kuna wanaoanza na salamu kwa ukoo mzima mpaka muda unaisha. Na kuna hili ambalo mi linaniudhi kuliko yote, mtu anapiga anasema "mechi ile imeuzwa", anataja mpaka kipa kwa jina, hana ushahidi wowote, na mtangazaji anacheka anakata simu anaweka tangazo. Hiyo sio sawa hata kidogo. Yule kipa ana mama anasikiliza redio nyumbani.

Lakini sisi watu wa kanda ya ziwa tuna sababu ya kuwa na wasiwasi kwenye mambo hayo, tusijifanye tumesahau. Mwaka 2016 kwenye daraja la kwanza kundi lile la akina Geita Gold na Polisi Tabora, siku ya mwisho Geita akampiga JKT Kanembwa 8-0, Polisi Tabora akampiga JKT Oljoro 7-0, wote wanatafuta magoli ya kupandia. TFF, shirikisho la soka la nchi, wakawaadhibu wote wanne kwa upangaji matokeo, na aliyepanda ligi kuu akawa Mbao FC, timu yetu ya hapahapa, ambayo msimu uliofuata tu ikamtoa Yanga nusu fainali ya kombe la shirikisho pale uwanja wa CCM Kirumba na kwenda kucheza fainali Dodoma na Simba, ikafungwa 2-1. Kwa hiyo mtu wa Mwanza akisema kitu kinanuka hajatoa kichwani, ameona kwa macho. Kazi ya mtangazaji ni kumuuliza umeona nini, dakika ya ngapi, ulikuwa umekaa wapi. Akishindwa kujibu anaambiwa hapohapo hewani kwamba hilo ni tuhuma. Hilo linatibika bila kufunga laini za simu.

Wachambuzi nao niwape haki yao. Msimu wa 2024/25, Pamba Jiji, timu ya jiji letu, iliporudi ligi kuu baada ya miaka 23 na tukawa tunahangaika kule chini, ni wao waliotueleza vizuri habari ya kushuka daraja, kwamba wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanaingia mchujo. Walieleza taratibu, mara mbili tatu, mpaka mtu ambaye hafuatilii akaelewa. Kanuni, usajili, mikataba, nani ana kadi ngapi, huko wako vizuri na mpiga simu wa kawaida hawezi kuwafikia.

Shida inaanza wanapoongelea mechi yenyewe.

Kuna siku Pamba ilicheza Kirumba jioni, kipindi cha kwanza wako vizuri, cha pili wakapotea kabisa, mipira inapigwa mirefu haifiki kwa straika, winga anapoteza. Asubuhi yake mchambuzi akachukua karibu robo saa anaeleza kwamba timu imekosa pumzi, mazoezi ya viungo ni duni, kocha ameshindwa kubadilisha mfumo, na akatoa asilimia za umiliki wa mpira. Yalisikika maneno ya maana. Simu zikafunguliwa, akaingia mama mmoja, akasema anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Akasalimia "mwangaluka", akauliza swali moja. "Kaka yangu, jana ulikuwepo uwanjani?"

Kimya kidogo. Mchambuzi akasema hapana mama, niliona vipande vya video. Yule mama hakumcheka, akaendelea taratibu tu, akasema mwanangu jana jioni upepo wa ziwani ulikuwa mkali kiasi kwamba hata maturubai tuliyofunikia dagaa yalikuwa yanang'oka, tumeshika mawe tunakandamizia, mdogo wangu alikuwa uwanjani anasema kipindi cha pili vijana walikuwa wanacheza wanaukabili ule upepo, mpira ukipigwa juu unarudi. Sasa pumzi inahusikaje hapo, si wangepiga pasi za chini?

Nilikuwa nasikiliza huku napiga pasi shati, nikaacha pasi pembeni. Sekunde arobaini hivi za simu ya mama wa dagaa zimeeleza mechi kuliko robo saa ya studio. Na sio kwamba mchambuzi ni mjinga, hapana, hakuwepo tu. Uwanja wa Kirumba uko jirani na ziwa, upepo wa jioni mtu wa Mwaloni anaujua kama anavyojua njia ya kwake, kwa sababu ndo unaamua dagaa zake zinakauka au zinaharibika. Elimu hiyo haipo kwenye takwimu za umiliki wa mpira, na ukifunga simu haiingii studio kwa mlango mwingine wowote. Hapa ndo huwa nakwama nikibishana na wenzangu, kila mtu anasema "wapiga simu hawajui mpira", sawa, wengi hawajui hata neno pressing, ile ya kumbana mpinzani akiwa na mpira, ila walikuwepo. Studio nzima watu wanne hakuna aliyekuwepo, na uwanja uko dakika chache kwa bodaboda.

Halafu kuna hili la Simba na Yanga, ambalo wanaotaka simu zifungwe ndo wanalishikilia zaidi. Wanasema wasikilizaji ndo wanaleta Usimba na Uyanga. Mi nasema turudi Machi 2025. Tarehe 8 ile dabi ya Kariakoo ikaahirishwa, Simba wanadai wamezuiwa kufanya mazoezi uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, Yanga wanasema hawachezi tarehe nyingine, na sakata likaenda mpaka Juni 25 mechi ilipochezwa Yanga akashinda 2-0. Miezi mitatu na nusu. Kipindi chetu kilifungua na habari hiyo asubuhi baada ya asubuhi, wanapigia watu Dar, wanasoma barua, wanasoma tamko, wanasoma majibu ya tamko. Na muda huohuo timu ya jiji hili iko kwenye vita ya kubaki ligi kuu, msimu wa kwanza tangu watoto wa sasa wazaliwe! Mada ya dabi ilipangwa na studio. Wasikilizaji waliifuata, ndiyo, wengi wetu ni Simba au Yanga na mi mwenyewe nina upande, lakini waliokuwa wanakatiza na kusema "jamani na Pamba je" walikuwa wapiga simu. Nakumbuka mzee mmoja alipiga kutoka Sengerema akaanza kuhadithia TP Lindanda, yaani Pamba ya zamani, jinsi uwanja wa Nyamagana ulivyokuwa unajaa, akakatwa, muda umeisha, turudi kwenye dabi.

Sasa ukiondoa simu hapo unabaki na nini? Vijana wanne wako Mwanza wanaongelea mambo ya Dar waliyoyasoma mtandaoni kama mimi na wewe. Vipindi vya Dar tunavipata hapa, vina watu wenye namba za viongozi na wachezaji, wanaingia mazoezini, kipindi cha Mwanza hakiwezi kuwashinda kwenye hilo hata kwa siku moja. Kitakuwa kivuli cha vipindi vya Dar chenye matangazo ya maduka ya Makoroboi.

Wenye redio nao wana lao, nawaelewa. Mechi zenyewe hawana, haki za televisheni Azam wamezilipia shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 tangu 2021, kwa hiyo redio ndogo inabaki na kitu kimoja cha kuuza, maongezi. Na matangazo yanayokuja ni ya kubeti, ndo maana siku hizi kila uchambuzi unaishia kwenye mkeka, orodha ya mechi za kubetia, "leo mpe huyu, yule weka magoli zaidi ya mawili". Hili nalichukia kweli kweli. Mchambuzi ambaye hajaona timu anamwambia kijana wa bodaboda aweke hela ya mafuta kwenye timu hiyohiyo. Wanaolalamikia kelele za simu sijawasikia wakilalamikia hili, na hasara yake ni kubwa kuliko matusi yote ya Simba na Yanga ukiyajumlisha.

Msikilizaji mwenyewe tusimsahau. Sio kila mtu ana king'amuzi, banda umiza unalipia, bando linaisha. Kuna jamaa wako visiwani Ukerewe, kuna waliotoka ziwani alfajiri wanakunja nyavu redio iko pembeni kwenye ndoo, na wao mechi wanaipata kesho yake asubuhi kwa kuhadithiwa. Mtu huyo anahitaji kusikia aliyekuwepo, na anahitaji kuuliza. Swali lake linaweza kuwa la kitoto, wachambuzi wanapumua kwa nguvu tunawasikia, ila ndo nafasi yake pekee ya kuuliza.

Mi ningewaomba wafanye mambo machache tu. Wamweke mtu wa kupokea simu kabla hazijaingia hewani, amuulize mpigaji jina, yuko wapi, anataka kusema nini, wale walewale wa kila siku wapewe siku moja kwa wiki. Anayetukana asirudi mwezi mzima. Anayetaja mtu kwamba ameuza mechi aulizwe, asichekewe. Na siku inayofuata mechi ya Kirumba wageuze ratiba, simu za waliokuwa uwanjani ziwe za kwanza, saa moja kasoro pale watu wakiwa bado wanakunywa chai, wachambuzi wakae wasikilize na kalamu mkononi, ndo waje na maelezo yao. Yule mama wa Mwaloni wamtafute, namba yake si wanayo kwenye simu ya studio, wampigie wao kila Pamba ikicheza nyumbani wamuulize jana upepo ulikuwaje.