Chomoa Nusu

Sawa. Kwa sababu Chairman ameshaweka kwa stetas ile klipu yangu ya kwa sherehe ya senje, shangazi yangu, na kutoka hapo imeingia grupu ya familia, grupu ya chama, na hata ile grupu ya tuliosoma pamoja ambayo ilikuwa imekufa kabisa ikafufuka kuja kunicheka, wacha na mimi niseme yangu. Klipu ni ya sekunde 40. Kwa sekunde 40 hata shemasi anaweza kuonekana mwizi wa kuku. Na wewe Chairman, ile kichwa uliandika, "Mama ndani ya baba", kumbuka unaoa Disemba na picha zako za zamani ziko kwangu.

Kwanza muelewe: sikuwa nafanya pleibeki, ile ya kuchezesha mdomo tu. Nilikuwa naimba. Mimi mwenyewe, na koo langu. Mpaka dakika fulani, na hiyo dakika tutaifikia, msinisukume.

Wale mnanijua mnajua kale kadude kangu ka muziki. Sansa Clip+, kadogo kama kibiriti, kanabanwa kwa shati. Kalitoka 2009 na bado kanapiga kazi kuliko simu ya mtu fulani hapa. Gigabaiti 8 ndani, pembeni kana tundu la kadi, nimetia kadi ya 32, halafu nikakawekea Rockbox, ile programu ya bure ya kuendesha vidude vya muziki ambayo watu wanaiandika kwa kujitolea tangu 2001. Sasa nyimbo zangu nyingi zilitoka kwa wale vijana wa kujaza flashi pale stendi Kisumu, unatoa hamsini unajaziwa mpaka inafurika, ukifika nyumbani unakuta msanii anaitwa Unknown Artist, wimbo unaitwa Track 07, na albamu ni jina la tovuti. Mimi hiyo siwezi. Nilikaa miezi minne na laptopu na Mp3tag, nasafisha lebo moja moja kama mtu anachambua mchele, msanii, albamu, mwaka, ohangla kivyake, benga kivyake, rumba kivyake, injili kivyake. Kuna nyimbo za benga zilikuwa na jina refu likakatwa katikati kwa sababu lebo za zamani zinabeba herufi 30 tu, nikaziandika zote upya. Mke wangu alikuwa anauliza kama hizo nyimbo zitanilisha. Nilimwambia ngoja.

Hiyo sifa ya kuwa mtu wa muziki ndiyo iliniponza. Senje alikuwa anastaafu ualimu, amefika 60, na kamati ya sherehe ikaamua kwamba mimi ndio nitaimba wimbo wa shukrani, ule mmoja wa injili ambao anaupenda mpaka anapika nao ugali. Siutaji, mwimbaji ni mama wa watu na hana kosa lolote kwa hii hadithi. Tatizo ni biti. Wimbo una sauti yake, na mimi nahitaji vyombo bila sauti. Nikawaambia kamati hakuna shida, nitaenda studio hapa Kisumu wanitengenezee.

Wakanitumia elfu moja na mia tano ya studio.

Msiniangalie hivyo. Ilikuwa tarehe 23, nyinyi wenyewe mnajua tarehe 23 huwa inaangaliaje mtu machoni.

Na si kwamba sikuwa na mpango, nilikuwa nao, tena wa kisayansi. Kuna siku natoka Kondele kwa matatu, barabara inaturusha, nikasikia mwimbaji amepotea masikioni. Gitaa ipo, kinanda kipo, kayamba ipo, wale wa kuitikia wapo kwa mbali, lakini mwenyewe ameenda. Nikadhani sikio limeziba. Kumbe jeki ya iyafoni imetoka kidogo tu, nusu ya nusu. Nikaisukuma, akarudi. Nikaivuta, akaenda. Nilifanya hivyo mpaka Kiboswa, jirani yangu kwa kiti akahamia mbele.

Hii ndio maana yake, kwa wale wanasema nilitumia uchawi. Ile chuma ya jeki imegawanywa vipande vitatu: ncha ni ya sikio la kushoto, cha katikati ni cha kulia, na cha mwisho kwenye shina ni graundi, njia ya umeme kurudi. Jeki ikitoka kidogo, graundi haishiki. Sasa kushoto na kulia wanabaki kupitiana wenyewe kwa wenyewe, na kitu chochote ambacho kiko sawa pande zote mbili kinajifuta. Mwimbaji huwa anawekwa katikati, sawa kushoto na kulia, kwa hivyo ndio anafutika. Gitaa iliyoegemezwa upande mmoja inabaki. Mwangwi wake pia unabaki kidogo, kama mtu anaimba ndani ya tangi la maji kwa jirani, lakini ukiimba juu yake haonekani. Ila kuna kitu kingine ambacho huwa kinawekwa katikati kikafutika pia. Besi. Hiyo niliijua na nikaipuuza. Shikeni hapo kwa besi.

(Nilijaribu pia na wimbo wa zamani uliotolewa kwa kaseti, ule wa pande zote sawa. Kimya. Kimya cha kaburi. Wote walijifuta, bendi nzima.)

Jumamosi nikapanda matatu, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, nikashuka Khayega nimevaa suti. Nyumbani tenti mbili, watu mpaka kwa migomba, walimu, wanafunzi wa zamani, kwaya, mchungaji, kukhu, nyanya yangu, amekaa mbele kabisa na blanketi magotini. Na muziki ulikuwa wa wufa ya mjomba. Mnajua hizi wufa, boksi moja kubwa la besi chini na spika mbili ndogo kushoto na kulia, ina tundu la maiki. Mjomba aliinunua mwaka jana na tangu hiyo siku hajawahi kuongea kitu kingine. Nikachomeka waya kwa Clip, nikavuta jeki kidogo kidogo nikisikiliza mpaka mwimbaji akapotea, nikashikisha hapo na kijiti cha meno na selotepu. Safi. Nikamwambia Chairman arekodi. Ndiyo, mimi ndio nilimwambia.

Nikaanza. Na wacha niseme ukweli, nilianza vizuri. Ubeti wa kwanza nilishuka chini kabisa, sauti ya mzee wa kanisa, senje akatoa leso. Kiitikio wale mama wa kwaya wakaingia, mikono juu. Nikaanza kuamini nafaa kuacha kazi.

Huku nyuma, bila mimi kujua, mjomba anaumia. Watu wote wa Khayega wako hapo na wufa yake inatoa sauti kama redio ya betri moja. Spika ndogo zinaimba, boksi kubwa limenyamaza kama limefiwa. Akavumilia ubeti mzima. Halafu akamwita mtoto wa binamu yangu, kijana wa miaka tisa, mtiifu, analelewa vizuri sana kwa bahati mbaya, akamwambia, "Baba, enda angalia waya, hii kitu haina besi."

Mimi nilikuwa nimefunga macho. Ubeti wa pili unaanza na neno "Nilikuwa", nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, nikasema "Nili", na nikasikia selotepu. Sijui mtu anawezaje kusikia selotepu katikati ya tenti mbili lakini niliisikia, krrrr. Nikafungua jicho moja. Kijana amepiga magoti mbele ya wufa, kijiti changu cha meno ameshika mkononi anakiangalia kama uchafu, ametupa, na kidole gumba kiko kwa jeki. Nikataka kusema hapana. Lakini mdomo ulikuwa umeshafika "kuwa".

Klik.

Kitu cha kwanza kilikuwa besi. Dufu! Vikombe kwa meza ya high table vikaruka. Mjomba akasema "Eeeeh!" kama mtu amefunga bao. Na juu ya hiyo besi, kutoka mdomoni mwangu uliokuwa wazi, mbele ya maiki, ikatoka sauti ya mama. Nyororo. Ya juu. Ina mtetemo. Inaimba "Nilikuwa mjane wa roho" na mimi nimevaa tai.

Hapa mtu mwenye akili angefanya nini? Angenyamaza, acheke, aseme mitambo. Mimi sijui ni shetani gani alinishauri, nilipiga hesabu kwa nusu sekunde nikaona kwamba watu hawajagundua, kwamba nikiendelea kuchezesha mdomo watadhani ni kipaji. Basi nikaendelea. Nikafunga macho zaidi. Nikainua mkono. Nikatikisa kichwa kwenye zile kona za juu kama ni mimi nazipanda. Mchungaji, ambaye pia alikuwa amefunga macho, akasema, "Pokea, mwanangu, pokea!" Kukhu hakuwa amefunga macho. Kukhu alishika mkono wa senje na akauliza kwa sauti ambayo ilisikika mpaka barabarani, "Huyu ameingiliwa na nani?"

Na bado ningepona. Ila nilikuwa nimesahau kitu kimoja, na mtu anayeandika lebo za nyimbo miezi minne hana haki ya kukisahau: baada ya ubeti wa pili huyo mama anaacha kuimba na anashuhudia. Anaongea. Vyombo vikashuka, tenti ikatulia, na mimi hapo, maiki mdomoni, midomo inafuata kila neno, nikatangazia ukoo wangu wote, "Mimi kama mama wa watoto watatu, niliyebeba mimba kwa machozi..."

Hiyo ndiyo klipu. Inaanzia hapo. Chairman alikata yote ya mwanzo niliyoimba mwenyewe, ndio maana nasema sekunde 40 ni dhuluma.

Lakini kuna sehemu hata yeye hakuiweka kwa sababu simu ilikuwa inatetemeka na kicheko. Nilipofika kwa mimba nikachanganyikiwa, nikamgeukia yule kijana nikamwambia, na maiki bado iko mdomoni, "Chomoa! Usichomoe yote! Chomoa nusu!" Mtoto mtiifu akachomoa nusu. Mama akapotea. Tenti kimya. Kijana akashangaa, akasukuma, mama akarudi, "...lakini Bwana akaniona..." Akavuta, akaenda. Akasukuma, akarudi. Watoto wengine wakakimbia kuja kuona. Wakapanga foleni. Nawaambia walipanga foleni kila mmoja asukume mara moja, na watu wazima wote mle ndani, walimu wenye digrii, wakawa wanafuata na vichwa, yuko, hayuko, yuko, hayuko, na nikaona uelewa ukiingia kwa nyuso mstari kwa mstari kutoka mbele mpaka kwa migomba.

Kila mtu alicheka isipokuwa mweka hazina wa kamati, ambaye ni fastibon wa senje na anafanya kazi ya hesabu. Yeye alitembea polepole mpaka kwa meza, akachukua Clip yangu, akawasha skrini, akasoma kwa sauti. Jina la wimbo. Jina la mwimbaji, yote matatu. Albamu. Mwaka. Kila kitu kimeandikwa vizuri, herufi kubwa mahali pake. Kama ningeacha Unknown Artist leo ningekuwa nabishana. Akaniangalia, akauliza, "Na ile elfu moja na mia tano ya studio?"

Nilirudisha. Kwa M-Pesa, pale pale, nikakopa na ya kutolea. Senje alicheka mpaka akaombewa maji, amenisamehe, anasema hajawahi kupata zawadi kama hiyo. Mjomba ananidai heshima ya wufa. Kuku nilipewa shingo. Nilipofika stendi ya Khayega kurudi, makanga ambaye sijawahi kumwona akaniambia, "Ingia mama watatu, bakisha nusu ya kiti." Hata lile jiwe la Ilesi, lile hutiririka maji watu wanasema linalia, nadhani hiyo jioni lilipumzika kidogo likacheka.

Sasa jana usiku nimelala na iyafoni, natafuta tu mahali pa kupunguza besi kwa sababu siku hizi besi inanishtua. Nikaingia mipangilio ya sauti kwa Rockbox, nikashuka kwa ile sehemu ya chaneli ambayo sijawahi kufungua tangu niweke hiyo programu. Kuna stereo. Kuna mono. Kuna kushoto peke yake, kulia peke yake. Na hapo chini kabisa, neno moja, limekaa limetulia linaningoja: Karaoke.

Nikalibonyeza. Mwimbaji akaondoka, jeki ikiwa ndani yote.

Mke wangu akauliza mbona nalia.