Tarehe 15, saa moja kamili asubuhi

Mke wangu alidhani kuna msiba. Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi nimekaa mezani, kompyuta mbele yangu, simu yangu kushoto, simu yake kulia, na sisemi na mtu. Nilikuwa nasubiri kiwanja cha kupiga hema.

Hapa California, ukitaka kulala kwenye hema ndani ya bonde la Yosemite, hifadhi ya taifa ya huku, wakati wa kiangazi, nafasi nyingi zinafunguliwa mtandaoni tarehe 15 ya mwezi, saa moja kamili asubuhi, miezi mitano kabla ya safari. Dakika chache tu, nafasi zimekwisha. Kambi ya Upper Pines peke yake ina viwanja zaidi ya 200, lakini kwa watu wanaovitaka ni kama kugawa kuku mmoja kwenye harusi. Mwaka wa kwanza nilikosa, wa pili nikakosa. Wa tatu nikapata siku mbili, Jumanne na Jumatano, nikapiga kelele hadi mtoto akaamka.

Niseme wazi kwamba mimi si mgeni wa mahema. Kabla sijahamia Fresno nilikuwa mpishi wa safari za kambi kutoka Arusha, miaka sita. Hema nimelifunga kwenye mvua, nimelifukuzia kwenye upepo, na usiku mmoja nimelikimbia kwa sababu ya nyati. Kwa hiyo niliposikia Wamarekani wanapanga foleni miezi mitano kwa ajili ya kipande cha udongo, nilicheka sana.

Kicheko kiliisha tulipofika. Hema la jirani lilikuwa karibu kiasi kwamba zipu yake ikifunguliwa, binti yangu aliuliza, "Baba, unatoka?" Moshi wa mioto umetanda chini ya misonobari kama tuko kwenye nyama choma ya Krismasi. Kila kiwanja kina meza, duara la moto, na sanduku la chuma lenye komeo la kuwashinda dubu. Humo unaweka chakula chote, na si chakula tu: sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, chochote chenye harufu. Na mimi, kichwa maji, nilikuwa nimebeba dagaa wa Kigoma niliotumiwa na shangazi. Askari wa hifadhi akapita jioni na tochi, akasimama, akanusa, akaniuliza kwa upole sana nina nini pale. Nikamweleza. Akasema nihakikishe komeo limeingia vizuri. Saa nne usiku kukawa kimya, maana kanuni inasema kimya hadi saa kumi na mbili asubuhi, na watu zaidi ya elfu moja mle bondeni wakanyamaza kweli. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko maporomoko ya maji.

Nikiwa nimelala macho nikaanza kukumbuka Simba, ile kambi ya umma iliyoko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Aliyelala pale mwezi Agosti anajua. Kamba za mahema zinapishana hadi ukienda chooni usiku unaanguka mara mbili. Kwenye foleni ya bafu maji ya moto yanaisha kwa watu wa mwanzo. Na jikoni, jamani, jikoni! Jengo moja, wapishi thelathini, kila mmoja na jiko lake la gesi, masufuria yanagongana, mtu ameshikilia kona ya meza tangu saa nane mchana kama kiti cha daladala. Mzee wetu wa jikoni alikuwa akiniambia, "Dogo, kwanza weka sufuria, salamu baadaye." Mgeni wangu alikuwa hayaoni hayo. Yeye aliona mshumaa, bisi na chai ya saa kumi, akaandika kwamba Afrika ni pana na tulivu.

Na ni pana kweli. Serengeti ni kilomita za mraba 14,763. Yosemite ni kama 3,000 tu na inapokea watu wapatao milioni nne kwa mwaka, ambapo Serengeti haijafika hata milioni moja. Kwa hesabu hiyo sisi hatuna msongamano. Lakini watu hawaendi kwenye kilomita za mraba, wanakwenda kwenye kitu. Yosemite kitu hicho ni bonde la urefu wa kilomita kumi na moja hivi na upana wa moja na nusu. Kwetu ni sakafu ya kreta, kilomita za mraba 260, au ni mti mmoja wenye chui pale Seronera, katikati ya Serengeti, baada ya redio kuita. Nimehesabu magari 37 chini ya mti wa namna hiyo, nikiwa nimebanwa nyuma na maboksi ya chakula cha mchana. Chui alikuwa amelala. Sisi ndio tulikuwa tunavutia.

Nyumbani tunapigana na umati tukishafika. Hapa wanapigana nao kabla hawajatoka sebuleni. Kupanda Half Dome, ule mwamba mkubwa wa Yosemite, kwa nyaya kuna bahati nasibu, watu 300 kwa siku. Kilele cha Angels Landing kule Zion, hifadhi ya jimbo la Utah, nacho ni bahati nasibu tangu 2022. Inaudhi. Inakunyima ile raha ya kuamka Ijumaa na kusema twende. Hata hivyo naipenda kuliko yetu, kwa sababu mwenye Range Rover na mimi mwenye Corolla ya mwaka 2009 tunabonyeza kitufe kilekile.

Sisi umati tunaupunguza kwa bei. Mgeni wa nje msimu wa juu analipa dola 70 kwa siku kuingia Serengeti, kabla ya VAT. Mwananchi ni shilingi 10,000, na watu husema basi, mzawa amependelewa. Getini, ndiyo. Lakini kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300, unakatiza Ngorongoro ambako nako unalipa, na unahitaji gari la kuhimili barabara ile. Mama yangu amezaliwa Arusha, ameuza ndizi soko la Kilombero kwa wapishi wa safari maisha yake yote, na Serengeti hajaiona. Mimi mhamiaji nimelaza watoto wangu Yosemite kwa dola 35 za gari na 36 za kiwanja kwa usiku. (Wamarekani nao wameanza kutuiga: tangu Januari 2026 mgeni asiyeishi Marekani analipa dola 100 za ziada katika hifadhi kumi na moja, Yosemite ikiwemo.)

Kwa Watanzania wenzangu mlioko huku mnaoniuliza ninavyofanya siku hizi: tarehe 15 siitegemei tena. Watu hughairi siku za mwisho, kwa hiyo jioni nikishamaliza kazi napitia mtandao, na nimeshaokota usiku mmoja hapa, mmoja pale. La sivyo nalala nje ya lango, kwenye Sierra National Forest, msitu wa serikali, ambako sehemu nyingi unapiga hema bure hadi siku 14. Hakuna meza, hakuna bomba, choo ni jembe dogo, na kibali cha moto unakichukua bure, ingawa kiangazi mara nyingi moto wenyewe umekatazwa. Asubuhi naacha gari na kupanda basi la YARTS, yale mabasi ya abiria yaendayo Yosemite, maana kutafuta maegesho bondeni saa nne ni kutafuta ugomvi wa ndoa. Na Oktoba nzuri kuliko Julai, maporomoko yamenyauka lakini unasikia miguu yako.

Julai 2025, video ya Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, iliponifikia, wageni wameshuka magarini na kuwazibia nyumbu njia ya mtoni, nilimpigia rafiki yangu ambaye bado ni dereva. Nikamweleza yote haya: namba mtandaoni, idadi ya magari kwa kila kivuko, aliyekosa asubiri kesho. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, kaka," akasema. "Sasa na nyumbu naye tumpe tarehe?"

Nikaanza kujibu, muda wa maongezi ukakatika.