Punda Tunamhurumia kwa Sababu Hatumli

Fadhila ya punda ni mashuzi, husema wahenga. Mimi nimekulia Lamu, ambako mawe, mchanga na saruji huingia vichochoroni kwa mgongo wa punda, na naiona methali hiyo imepinduliwa. Fadhila tumezila sisi, mashuzi tumemrudishia yeye.

Mwaka 2012 Kenya ilimtia punda katika orodha ya wanyama wa kuchinjwa. Machinjio manne yakafuata, Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Kilichotafutwa hasa ni ngozi, ambayo China huichemsha kupata ejiao, gundi inayotumiwa kama dawa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima, atazaa lini hata aifikie kasi ya wenye visu? Wezi nao wakawa wanawachuna vichakani usiku, mwenyewe akiamka anakuta mzoga. Serikali iliupiga marufuku uchinjaji huo 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, hadi Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuisimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15.

Nilishangilia. Mjomba wangu, mfuga mbuzi, akaniuliza, "Na mbuzi je? Kosa lake ni kutobeba mizigo?"

Sikuwa na jibu. Hoja zetu zote, sisi tuliopinga punda achinjwe, zilihusu maji anayotubebea, mkokoteni anaovuta na karo ya watoto inayotokana na kazi yake. Uchungu wa punda mwenyewe hatukuutaja. Tulikuwa tunatetea chombo cha kazi.

Nyama nakula, na Idi nashika miguu ya mbuzi, sijifichi. Lakini tumefundishwa kisu kinolewe mbali na macho ya mnyama, wala asichinjwe mbele ya mwenzake. Adabu hiyo haiulizi mnyama ana faida gani. Kwangu hapo ndipo penye uzito kuliko swali la nani aliwe na nani asiliwe, na hapo ndipo tunaposhindwa, kwa mbuzi aliyefungwa miguu juu ya basi na kwa punda tuliyemwokoa pia.

Juzi alipita punda mmoja barazani kwangu, shogi zimejaa mawe, kidonda kibichi mgongoni. Nikamwambia kijana apunguze nusu ya mzigo.

"Hiyo nusu utaibeba wewe, ami?"

Akampiga fimbo, wakaenda zao.