Ugonjwa Usio na Dawa Karibu, Kipimo cha Nini?

Katika mazungumzo ya watu wa afya hapa Dar es Salaam kuna hoja inayorudi mara kwa mara: kwamba kumpima vinasaba mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi wa neva za uti wa mgongo ni kupoteza fedha, kwa kuwa hata jibu likipatikana, tiba haiko ndani ya uwezo wa mwananchi. Hoja hiyo ina msingi. Chukua SMA (spinal muscular atrophy), ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, ambapo hitilafu katika jeni ya SMN1, iliyotambuliwa mwaka 1995, husababisha kufa kwa seli za neva zinazoamuru misuli. Dawa ya kwanza iliidhinishwa Marekani Desemba 2016. Tiba ya jeni, inayotolewa mara moja tu, ilifuata mwaka 2019 kwa bei ya zaidi ya dola milioni 2. Anayeuliza fedha kama hizo zingeokoa wajawazito wangapi anauliza swali la haki.

Ninachokataa ni dhana kwamba kazi ya kipimo ni kuelekeza dawa tu.

Niliwahi kuketi Mbagala na mama aliyempakata mwanawe wa miezi mitano. Macho ya mtoto yalikuwa machangamfu, yakimfuata kila aliyepita mlangoni, lakini miguu ilining'inia bila nguvu na ulimi ulitetemeka kila alipofungua kinywa. Alipovuta pumzi, tumbo lilipanda na kifua kikabonyea. Mama alikwisha kuambiwa ni mtindio wa ubongo, kisha lishe duni, na nyumbani mama mkwe alikuwa akirudia kwamba ukoo wao haujawahi kuwa na kitu kama hicho.

Kwa kawaida SMA hutoka kwa baba na mama kwa pamoja, kila mmoja akiwa amebeba jeni moja yenye hitilafu pasipo kuumwa, sawa na selimundu ambayo familia nyingi za hapa zinaifahamu. Jibu la maabara humwondolea mama lawama ambazo maneno ya jirani hayawezi kumwondolea.

Kisha ipo hesabu ya asilimia 25, yaani uwezekano wa wazazi kama hao kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba, ambayo naona huelezwa kwa haraka mno. Wazazi huambiwa "mmoja kati ya wanne", nao huelewa kwamba zamu ya ugonjwa imekwisha kupita na watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba huanza hesabu upya: hatari kwa mtoto wa pili ni ileile ya wa kwanza, na ya tano ni ileile ya pili. Wazazi haohao wanaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo, au wanne wazima. Asiyelielewa hili huzaa haraka ili kufuta msiba, na mwingine huvunja ndoa akiamini kila mtoto wao atakufa. Wote wameamua kwa hesabu isiyo sahihi.

Wapo wanaohofu kwamba jina la ugonjwa litamkatisha mzazi tamaa. Ndivyo inavyokuwa jibu likitolewa kwenye korido kwa dakika tatu, na ndiyo maana unahitajika ushauri nasaha, baba na mama wakiwa wameketi pamoja.

Katika aina kali ya SMA, inayoanza kabla ya miezi 6, watoto wengi wasiotibiwa wala kusaidiwa kupumua hawafikishi miaka 2. Mzazi anayelijua hilo humlisha mtoto akiwa ameinuliwa ili maziwa yasimpalie, hunyoosha viungo vyake kabla havijakaza, humkimbiza hospitali kwa kikohozi kidogo, na hauzi kiwanja ili kumlipa mganga aliyeahidi kwamba mtoto atasimama kabla ya Idi.