Kwaya za Shule Moshi: Wimbo Utangulie Mwendo

Kila ifikapo Agosti, shule nyingi za sekondari mjini Moshi huanza kufikiria mahafali ya kidato cha nne, na pamoja na maandalizi hayo huzuka ubishi ule ule katika ofisi za walimu: kwaya isimame wima na kuimba kwa sauti nne (ya kwanza na ya pili za wasichana, ya tatu na ya nne za wavulana) kama ilivyozoeleka, au icheze, ibadilishe mistari jukwaani na kuimba nyimbo zinazovuma redioni? Nimesaidia kufundisha kwaya ya shule moja mjini humu kwa miaka kadhaa, na nimewahi kusimama pande zote mbili za ubishi huo. Leo nina msimamo, lakini nakiri kwamba hoja za wanaonipinga ni nzito kuliko wao wenyewe wanavyozieleza.

Wapenzi wa mwendo, yaani wanaotaka kwaya icheze, huanza na hadhira. Mzazi aliyepanda daladala alfajiri kutoka Machame au Marangu, akakaa chini ya turubai tangu saa nne akisikiliza risala na hotuba, hawezi kulaumiwa akisinzia wimbo wa beti sita unapoimbwa na watoto waliosimama kama nguzo. Hoja hiyo ni ya kweli, ila iliyo bora zaidi imo katika lugha yetu. Neno ngoma hubeba chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa na shughuli nzima inayowakusanya watu, na anayesema anakwenda ngomani hahitaji kufafanua kama anakwenda kuimba au kucheza. Katika iringi, ngoma ya Wachaga, mguu na sauti huenda pamoja, na hakuna anayefikiria kuvitenganisha. Kusimama kwa mistari na kitabu mkononi kulikuja na misheni, na wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Anayesema kwamba kwaya inayocheza imeacha asili yake anaihesabu asili hiyo kuanzia mwishoni mwa karne ya kumi na tisa tu.

Hata hivyo, mwaka jana nilishuhudia jambo ambalo hoja ya asili hailijibu. Tulikuwa tunafanyia mazoezi bwaloni, saa kumi jioni, meza zimesukumwa ukutani. Wimbo ulikuwa na hatua za kuchuchumaa na kuinuka katika kila ubeti. Tuliwarekodi wanafunzi kwa simu mara mbili, kwanza wakiwa wamesimama, kisha wakicheza, na mara zote mbili tuliwapa do ile ile, yaani noti ya msingi ya wimbo, kwenye kinanda. Waliposimama walimaliza karibu pale walipoanzia. Walipocheza, hadi ubeti wa tatu wimbo mzima ulikuwa umeshuka karibu nusu toni, yaani kiasi cha kibonye kimoja cha kinanda, na sauti ya pili ilikuwa imehamia kwenye sauti ya kwanza bila hata mmoja wao kutambua. Sababu ni pumzi. Mwimbaji huhitaji mbavu zipanuke na hewa itoke polepole hadi mwisho wa sentensi, ilhali mwili unaoruka hudai pumzi fupi za haraka, na mtoto hulazimika kukata neno katikati. Katika ngoma zetu nyingi tatizo hilo lina dawa ya siku nyingi: kiongozi huimba, waitikiaji hujibu kwa maneno machache, na ngoma yenyewe hujaza nafasi ambamo watu hupumua. Tukichukua wimbo wa sauti nne wenye sentensi ndefu na kuuwekea hatua za iringi, tunakuwa tumechukua kazi mbili na kuiacha dawa iliyozifanya ziwezekane.

Shule nyingine hutatua tatizo hilo kwa kupiga wimbo uliorekodiwa, sauti zikiwamo, na watoto wakafuatisha kwa midomo. Hili silikubali hata kidogo, kwa kuwa mtoto aliyejiandikisha kwaya anastahili kusikika kwa sauti yake.

Walimu vijana hunionyesha kwenye simu video za kwaya za shule za Marekani zinazoimba na kucheza kwa pamoja, na ni kweli kwamba zinapendeza. Ila nawaomba watazame onyesho zima. Nyuma ya watoto wale mara nyingi kuna bendi inayopiga muziki hapo hapo na mtaalamu aliyelipwa kupanga hatua, na katikati ya onyesho huwekwa wimbo wa taratibu ambao wanakwaya huuimba wakiwa wametulia, ili sauti zisikike na pumzi zirudi. Kinachoigwa huku kwetu huwa ni dakika zile za kuruka tu.

Kuhusu uchaguzi wa wimbo, wapenzi wa nyimbo za redioni wana haki kwa jambo moja ambalo sisi wa upande wa pili hatupendi kulikiri. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo nyingi tulizorithi zilitafsiriwa ili zikae kwenye tuni za Kijerumani na za Kiingereza, na humo unaweza kukuta neno kama furaha likiwekewa noti ndefu ya juu kwenye ha badala ya ra. Watoto huegemea mahali pasipostahili na neno likavunjika. Mtunzi anayeanza na Kiswahili ni nadra kufanya kosa hilo.

Tatizo la nyimbo zinazovuma liko kooni. Wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili wako katika umri ambao koo hukua na sauti hushuka kwa takribani oktava nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, na kwa miezi kadhaa mtoto hajui ni noti ipi itatoka. Wimbo wa msanii mmoja mtu mzima, mwenye kupanda na kushuka atakavyo, huwaacha wakipiga kelele au wakichezesha midomo tu. Ukishusha do ili kuwasaidia, wasichana wa sauti ya pili huzama chini kusikokuwa na sauti. Namkumbuka mvulana wa kidato cha pili aliyekuwa akijificha safu ya nyuma muhula mzima. Tulipomwandikia yeye na wenzake mstari wa noti tano tu, alihamia safu ya pili bila kuombwa.

Kwa hiyo mimi naona kila mtoto apimwe sauti kabla wimbo haujatajwa, wimbo uchaguliwe kwa makoo yaliyopo, na uimbwe kwa kusimama hadi uwe umekaa. Hapo ndipo hatua zipangwe, tena ziwekwe kwenye kibwagizo, wakati ngoma na kayamba vinapochukua nafasi, huku kwenye sentensi ndefu wakitumia mikono na kuhamisha uzito mguu hadi mguu. Kwa mpangilio, nusu duara hunipendeza kuliko mistari iliyonyooka, maana sauti ya pili huisikia ya kwanza kwa ubavu na haivutwi nayo. Wanaopenda kucheza zaidi, nao huwapo kila mwaka, watoke mbele wawili wawili wakati wenzao wanaitikia.

Mwaka huu tumechagua wimbo wa Kiswahili wenye kiitikio kifupi na beti tatu. Wanakwaya bado hawajafundishwa hatua hata moja, na wameanza kuniuliza kila jioni ni lini.